Kidari cha Bibi Nakijwa

Sogeeni karibu, lakini msije mikono mitupu; kila mtu aje na akili yake. Hadithi hii ina kesi ndani, na hukumu yake haikuwahi kutolewa. Mwenye haraka ya kulala aondoke sasa.

Palikuwa na watu watatu wa nyumba moja huko Upare milimani, ambako tangawizi hupandwa kwenye matuta yaliyopangwa kama ngazi. Mmoja alikuwa na macho. Mmoja alikuwa na shingo. Mmoja alikuwa na miguu. Msicheke. Kila mtu ana vitu hivyo, ila hawa walikuwa navyo kupita wenzao.

Mwenye macho alikuwa Eliwaza, mke wa mwana. Aliweza kupita kando ya shamba na ndoo kichwani, akasema, "Tuta lile la chini limeanza kuoza," huku majani yakiwa bado mabichi. Wakifukua, wanakuta tangawizi imelainika kama ndizi mbivu. Hakuwa mganga. Alikuwa mama wa watoto wengi, mke wa dereva wa lori ambaye hadithi hii haimhitaji, na mwanamke wa namna hiyo hujifunza kuliona jambo likiwa dogo, kwa sababu anajua likikua litamwangukia yeye.

Mwenye shingo alikuwa Namsifu, wifi yake Eliwaza, binti wa kwanza. Shingo yake haikugeuzwa na mtu. Katika ujana wake alimkataa mchumba ambaye ng'ombe wake wa mahari walikuwa wamekwisha fika uani. Wazee wakamsihi, shangazi zake wakalia, na ng'ombe wakarudi kwao wamechoka.

Mwenye miguu alikuwa Sifueli, kitinda mimba, mchuuzi wa tangawizi. Hakuna mnada asioujua kuanzia Same hadi Moshi, na hakuona haya kumuuliza mtu yeyote jambo lolote. Ukimwambia, "Hakuna," alikuuliza, "Hakuna wapi?"

Na wote watatu walikuwa na Bibi Nakijwa. Kwa Namsifu na Sifueli alikuwa mama mzazi, kwa Eliwaza alikuwa mama mkwe, na kwa kijiji kizima alikuwa ajabu.

Bibi Nakijwa alizaliwa na ualbino, zamani, wakati watu waliposema kwa sauti kwamba watoto wa namna ile hawafi, hupotea tu. Alikuwa na kaka, Mbazi, naye mwenye ualbino. Mbazi alikwenda kukata mkonge mashambani, jua likamla usoni, akafia huko na kuzikwa na wageni. Habari ilipofika kijijini, watu wakaangaliana. "Si tulisema? Amepotea." Nakijwa, wakati ule msichana, aliyasikia maneno hayo kisimani. Akatua ndoo yake, akawaambia wanawake waliokuwapo, "Mimi nitakufa kama watu. Nitakufa, nitalazwa, na mtapita mmoja mmoja mnione uso."

Wakacheka. Lakini ili atimize neno lake, ilimbidi kwanza azeeke, na kuzeeka kwa mtu mwenye ngozi ile ni kazi. Alisuka kofia zake mwenyewe za ukindu, pana kama ungo. Alilima kabla jua halijakomaa na baada ya kulegea. Mikono yake haikuonekana mchana. Watoto wake walifundishwa kumkimbilia na kofia kama watoto wengine wanavyofundishwa kusema shikamoo. Akapita sitini, akapita sabini, akapita themanini, na kisimani hakubaki hata mmoja wa wale waliocheka. Alipokwenda sokoni alitembea polepole kwa makusudi, watu wapate nafasi ya kuitazama mikunjo yake.

Ila moyo ulikuwa umechoka. Jioni miguu ilimvimba. Akipanda tuta moja alisimama kana kwamba anaangalia shamba, kumbe anatafuta pumzi.

Siku moja Eliwaza alikuwa akimwosha nywele uani, akaona kitu mbele ya sikio, kikubwa kama punje ya dengu, kina gamba.

"Mama, hiki nini?"

"Kofia hiyo. Inanikwaruza."

Hapo nyumba nzima ikafanya kosa ambalo nyumba nyingine isingelifanya: waliishitaki kofia. Katika nyumba ile kofia ilikuwa kama mtu wa familia, na kila jambo la Bibi lilianzia kwake. Basi Bibi akasuka nyingine. Namsifu akaleta kitambaa laini, Eliwaza akakishonea ndani. Sifueli akatafuta ukindu mwororo zaidi. Kofia ikawa nzuri, ikasifiwa hadi kanisani, na kidonda hakuna aliyekigusa. Kikaendelea taratibu, kikitoa damu kidogo, kikikauka, kikitoa tena.

Mvua za vuli zilipokaribia, Eliwaza aliifua kofia ile. Akaitazama damu kwenye kitambaa. Akaitazama tena. Kisha akaichukua ikiwa bado mbichi, akamvisha Bibi, akapitisha kidole chini ya ukingo.

"Mama, kofia haifiki penye kidonda. Damu inatiririka kuifuata. Kofia haina hatia."

"Na nani kakwambia nataka kofia iachiwe?" Bibi akasema. Lakini hakucheka.

Wakaenda zahanati, zahanati ikawatuma hospitali, hospitali wakakata kipande kidogo wakakipima. Jibu likaja: saratani ya ngozi.

Daktari alikuwa mtu mwema, na aliwaambia ukweli bila kuupaka sukari. "Naweza kukiondoa. Lakini inabidi nimlaze kabisa kwa dawa ya usingizi, nikate kwa upana, nitoe na ngozi ya paja nizibe. Sasa moyo wake unavuja, na kifua hakiko sawa. Anaweza asiamke. Anaweza akaamka na asiwatambue tena. Na mkikiacha, kitakula sikio, kisha kitafuata jicho. Hakina haraka, lakini hakirudi nyuma. Ndugu, mnasemaje?"

Eliwaza alikuwa amekwisha fungua mdomo kusema ndiyo. Yeye ndiye aliyekiona, na alitaka kitoke.

"Hapana," akasema Namsifu.

"Dada, fikirini kwanza," daktari akasema.

"Nimefikiri wakati ulipokuwa unasema. Umetuambia ukweli, nakushukuru, nami nakupa wangu. Mama yangu hatalala usingizi huo."

Walipotoka kwa daktari hadi ukumbini, Bibi akiwa amekaa mbele kidogo kwenye benchi, Eliwaza alimshika wifi yake mkono.

"Wifi, unataka aozee nyumbani?"

"Nataka afike nyumbani."

"Na kidonda?"

"Kidonda kinaua polepole. Dawa ile inaweza kuua leo. Nikiambiwa nichague adui, namtaka yule anayetembea polepole. Huyo, mtu anaweza kumtangulia njiani."

"Nani atamtangulia? Wewe?"

Namsifu akatangulia kwenda benchini. Shingo yake ilitazama mbele mpaka wakafika nyumbani.

Maneno yakatapakaa kijijini. Wengine walisema binti wa kwanza amechoka kungoja shamba. Wengine walisema hata kumkataa daktari ni kiburi kilekile cha kukataa ng'ombe. Namsifu aliyasikia yote. Alipokuja kutoka kwake kumtazama mama yake, Eliwaza alimpakulia makande ya juujuu, mahindi matupu, maharage yote yamebaki chini ya sufuria. Namsifu akala, akashukuru, akaondoka.

Usidhani Eliwaza alikuwa na uhakika. Yeye ndiye aliyefua vitambaa, na kila siku kidonda kilimwonyesha kwamba hakikusimama. Lakini pia ndiye aliyemwona Bibi akishika ukuta kutoka jikoni hadi kitandani, na mwenye macho hawezi kuchagua la kuona. Alijua wifi yake anaweza kuwa na haki. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Sifueli alikuwa minadani wakati huo wote. Aliporudi akasimuliwa.

"Kwa hiyo akilazwa anakufa, asipolazwa anakufa," akasema. "Na katikati?"

"Katikati hakuna kitu, shemeji," Eliwaza akamjibu.

"Hakuna wapi?"

"Sifueli, usinianze. Nina unga motoni."

Akaanza na wengine. Alimuuliza nesi wa zahanati, akamuuliza muuza dawa, akamuuliza mchungaji, akawauliza wateja wake wa tangawizi huku akiwapimia. Wengi walimwambia amwombee mama yake. Aliwaitikia amina, akaendelea kuuliza. Hata siku moja mnadani Moshi akamwona mama mmoja mwenye ualbino, muuza vitenge, mwenye kovu safi puani, limezibwa vizuri hata usingeliona ukiwa mbali. Mtu mwenye adabu angepita. Sifueli alisimama mbele yake.

"Mama, samahani. Pua yako nani aliikata?"

Watu wakageuka. Yule mama akaweka kitenge chini, na wengi walidhani anakwenda kumzaba kofi.

"Wewe umelelewa na nani?"

"Na mwanamke mwenye ngozi kama yako, mama. Ndiyo maana nauliza."

Yule mama akakiokota kitenge chake. Kisha akamwambia: yupo daktari wa ngozi, mwanamke, hukata kwa ganzi peke yake, mgonjwa akiwa macho anaongea. Akamwelekeza.

Sifueli alikwenda na mfuko wake wa tangawizi, akaketi mlangoni pa daktari yule hadi wagonjwa wakaisha.

"Mgonjwa yuko wapi?" daktari akauliza.

"Nyumbani."

"Sasa wataka nikate kwa kusimuliwa?"

"Nataka nijue kama kuna mlango, daktari, kabla sijamchosha mzee wa watu kwa safari."

Daktari akacheka. "Mlete. Siahidi kitu."

Wakampeleka wote watatu. Daktari aliminya kidonda pembeni kwa vidole, akapapasa shingo kutafuta uvimbe, akasikiliza moyo kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti.

"Hakijafika kwenye mfupa. Naweza kukitoa kwa ganzi, kidogo kidogo, akiwa macho. Lakini hatari zipo. Damu inaweza kusumbua. Kidonda kinaweza kuchelewa kupona kwa umri wake. Moyo unaweza kushtuka kwa woga tu. Na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Atalala bila kutikisika muda mrefu." Akageuka. "Bibi, wewe unataka nini?"

Namsifu, Eliwaza na Sifueli wakaanza kujibu kwa pamoja.

"Nimemuuliza Bibi."

Hapo Eliwaza akakumbuka, na alipokumbuka aliona haya: tangu siku ile ya dengu mpaka leo, hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza.

Bibi Nakijwa akavua kofia, akaiweka magotini.

"Nikifia hapo mezani kwako, mwanangu, uso wangu utakuwaje?"

"Utakuwa na bandeji upande mmoja."

"Na nikikiacha, nikafa kwa wakati wangu?"

"Pengine watalazimika kuufunika."

"Jeneza litafungwa."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akawageukia watoto wake. "Mmesikia? Nyinyi mlikuwa mnapima kama nitaishi au nitakufa. Kufa nitakufa, hiyo si kesi. Jeneza likifungwa, atasimama mjinga mmoja aseme nimepotea kama Mbazi. Mimi sitafuti miaka. Natafuta uso wangu, nije niagwe nao." Akamkabidhi Eliwaza kofia. "Kata, daktari. Ila ukichoka useme, tupumzike wote."

Mawifi wawili walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, kofia katikati yao. Sifueli alishindwa kukaa, akawa anauliza kila nesi anayepita. Kupitia mlangoni walimsikia Bibi akimfundisha daktari kusuka ukindu: upitishe chini, uvute, upitishe juu. Eliwaza alikuwa akiifuata sauti ile kama mtu anayefuata kamba gizani. Halafu sauti ikakatika.

Eliwaza akasimama. Namsifu akasimama. Mikono yao ilishikana bila kuulizana.

Ndani nesi akaita, "Bibi? Bibi, unatusikia?"

"Nasikia. Nimechoka kuongea tu, sijasema nimekufa."

Wakakaa. Namsifu akasema, mara ya kwanza baada ya majuma mengi, "Wifi, siku ile maharage yote ulimpa nani?"

"Nilikula mwenyewe," Eliwaza akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka nesi akatoka kuwanyamazisha.

Daktari alipomaliza, Sifueli akamuuliza, kama kawaida yake, ni nini kilichomwokoa. Daktari akanawa mikono, akafikiri. "Kingekaa mpaka mavuno mengine, kingekuwa kwenye mfupa, na mimi nisingekigusa. Aliyekiona, alikiona kwa wakati. Na moyo ule, mimi nisingethubutu kuulaza kabisa. Aliyekataa, alikataa vizuri. Na kama usingekuja kukaa mlangoni kwangu, mimi ningejuaje kama mko duniani?"

Kidonda kilichelewa kupona, kama walivyoambiwa. Bibi alidhoofika, akalishwa uji kwa kijiko, Eliwaza akafua vitambaa vingine. Lakini kilifunga. Kikabaki kovu lililovuta sikio mbele kidogo, kana kwamba Bibi anasikiliza umbea. Siku ya kwanza aliyorudi kanisani, aliivaa kofia upande, kovu lionekane, na akatembea polepole kupita siku zote. Nyuma yake walifuata watatu wale, na hakuna aliyekuwa mfupi siku hiyo.

Kisha akaagiza mbuzi wa shukrani.

Sasa jueni desturi ya ukoo ule. Mbuzi wa shukrani hugawanywa kwa watu wote, kila mtu na fungu lake, isipokuwa kidari. Kidari hakikatwi. Huchomwa kizima na kupewa mtu mmoja, yule aliyemrudisha mwenzake nyumbani. Ukikigawa, shukrani imegawanyika, na shukrani iliyogawanyika ni kitoweo tu.

Jirani mmoja, Mzee Mchome, akatania, "Si mpeni daktari?"

"Daktari tumempelekea tangawizi," Bibi akasema. "Yeye alifanya kazi yake. Hawa hawakuwa na kazi hiyo."

Basi uani pakawa mahakama. Nanyi mnawajua Wapare: mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wengine walisema, apewe Eliwaza, kwani jicho lisingeona, shingo ingekataa nini, na miguu ingekwenda wapi? Wengine walisema, apewe Namsifu, kwani aliyeona angemkabidhi kwenye kisu, na miguu ingerudi kutoka mnadani ikute matanga. Wengine walisema, apewe Sifueli, kwani kuona si kuponya, kukataa si kuponya, na bila yeye wangekuwa mpaka leo wamekaa wanakitazama kidonda kikila.

Eliwaza alikuwa anaosha masufuria. "Mpeni yeyote," akasema bila kugeuka. "Mimi nina vyombo."

"Acha vyombo, mkwe," Bibi Nakijwa akasema. "Sijamaliza."

Kidari kilikuwa kwenye sahani magotini mwake, kinatoa mvuke.

"Atakayekula hiki hali nyama tu. Siku nitakayolazwa, huyo ndiye atakayekifungua kitambaa usoni mwangu, na atasimama kichwani pangu mpaka mtu wa mwisho apite. Siku hiyo nataka jicho la kunitazama bila kukwepa. Nataka shingo ya kumkatalia atakayesema nifunikwe haraka. Na nataka miguu ya kwenda kuwaita hata wale wa vijiji vya mbali, waje wahakikishe." Akawatazama mmoja mmoja. "Kazi tatu, na mtu ni mmoja."

Namsifu alinyoosha shingo. Sifueli, ambaye hajawahi kukosa swali, hakuuliza kitu. Na Eliwaza akajikuta ameshika sufuria lililokwisha takata, mikono inadondosha maji, na moyoni anakitaka kidari kile kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Akawatazama wenzake. Kwa macho yake yale akaona wazi kwamba nao wanakitaka vilevile.

Bibi akainyanyua sahani kwa mikono miwili.

Hapo ndipo hadithi ilipowaachia sahani nyinyi. Mwenye macho yule pale, mwenye shingo yule pale, mwenye miguu yule pale, na nyama inapoa. Haya, wewe uliyeketi kimya muda wote: ungekiweka kidari mbele ya nani?